Nasaba ya Fusarium yenye duara kubwa kuliko zote haiui kiwavi. Nimekosea wapi kwenye vipimo vya vimeng'enya?

NyuziNyeupe ameuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu, maana hii ni wiki ya tatu nimekwama.

Nina nasaba sita za kuvu, zote za kundi la Fusarium solani. Mbili zimetoka kwenye mizizi ya njegere iliyooza, nimeziita M1 na M2. Mbili zilikwanguliwa kwenye konea za wagonjwa wa macho, J1 na J2. Moja imetoka kwenye yai la kasa lililoharibika kabla ya kuanguliwa, K1. Ya mwisho ni ya udongo mtupu, U1. Swali langu la utafiti ni fupi: je, nasaba inayotoa vimeng'enya vingi ndiyo kali zaidi, na je, ukali huo unafuata mahali nasaba ilikotoka? Nilitegemea za mizizi ziwe hodari wa kubomoa pektini na selulosi, za macho ziwe hodari wa kubomoa protini, na ya udongo iwe nyuma ya zote.

Nilichofanya ni hiki. Proteasi, yaani kimeng'enya cha kubomoa protini, nimeipima kwenye agari yenye maziwa yaliyoondolewa mafuta, pektinasi kwenye agari yenye pektini, selulasi kwenye agari ya selulosi kisha nikamwagia rangi nyekundu ya Kongo na kusuuza kwa maji ya chumvi. Kila sahani nimepandikiza kipande kimoja katikati, siku nne kwa nyuzi 28, halafu nikapima kwa rula duara angavu, yaani sehemu ambayo kimeng'enya kimebomoa chakula kuzunguka koloni. Chakula cha msingi ni kile tunachokitumia maabara siku zote, agari ya viazi na glukosi, nimeongezea tu maziwa au pektini humo humo.

Kwa upande wa ukali nimetumia viwavi wa nondo wa nta, kumi kwa kila nasaba, sindano ya spora kwenye mguu wa nyuma, kisha kabati la nyuzi 37 kwa siku tano. Kwa upande wa mmea nimetumia miche ya njegere, nikakata ncha za mizizi na kuilowesha kwenye maji ya spora.

Matokeo ndiyo yananinyima usingizi. U1 ya udongo ina duara kubwa kuliko zote kwenye maziwa na haijaua kiwavi hata mmoja. J2 ya jicho ina kiduara cha milimita mbili tu kuzunguka koloni, lakini imeua saba kati ya kumi. J1 ya jicho inabomoa pektini sawasawa na M2 ya njegere. Na miche imeoza kwa M1 na M2 kama nilivyotarajia, lakini imeoza kidogo hata kwa K1, ambayo maisha yake yote naijua kama kuvu ya yai.

Nimejaribu kuchora grafu ya duara dhidi ya vifo, na nukta zimetawanyika ovyo. Data yangu ndiyo mbovu, au wazo lenyewe?

---

KiwaviMweusi amejibu:

Ndugu, kabla hujatupa data, rudi kwenye sindano yako. Mimi nafanya kazi na kuvu zinazoua wadudu, hasa Metarhizium, na kwetu hili ni jambo la kwanza kuulizana.

Katika maisha yake ya kawaida Metarhizium haina wa kuidunga ndani ya mdudu. Spora inatua juu ya gamba, inanata, inaota, ncha ya uzi inavimba na kujibana pale pale, kisha inaanza kutoboa. Gamba la mdudu ni nyuzi za kaitini zilizofunikwa na protini, na protini ndiyo inayopaswa kuondolewa kwanza. Hapo ndipo inapoingia proteasi tunayoiita Pr1. Kazi yake kubwa iko kwenye unene mdogo sana wa gamba, kwa saa chache. Ukichukua sindano ukavusha spora mpaka kwenye damu ya kiwavi, umeiondolea Pr1 kazi yake ya kwanza, halafu unauliza kwa nini wingi wake haulingani na vifo.

Ila usidhani haina kazi ndani. Mwaka 1996 Raymond St. Leger na wenzake waliifanya Metarhizium itoe Pr1 hata ikiwa kwenye damu ya mdudu, mahali ambapo kwa kawaida hunyamaza. Viwavi wa Manduca sexta walikufa mapema kwa asilimia 25 na walikula pungufu kwa asilimia 40. Sababu ni kwamba proteasi ile iliwasha mfumo wa kiwavi wa kutengeneza melanini, ile rangi nyeusi ya kinga, bila breki, kiwavi akajidhuru kwa kinga yake mwenyewe. Na mizoga ile ilikuwa mibaya kwa kuvu kuzalishia spora. Kwa hiyo kuua haraka hakukuwa faida kwa kuvu. Nafikiri ni vizuri ujiulize unaposema "kali" unamaanisha nini: kuua haraka, au kuishi vizuri ndani ya mwenyeji?

---

LenziMia amejibu:

Naunga mkono hoja ya sindano, kwa mfano wa upande wa wagonjwa. Mimi nasoma slaidi za kuvu hospitalini.

Kuvu ya Cryptococcus neoformans ina ureasi, kimeng'enya cha kubomoa yurea, kali sana, ukiiweka kwenye agari ya yurea inageuka waridi mapema. Nasaba iliyoondolewa jeni la ureasi ilipoingizwa kwa panya kupitia mshipa au pua, panya waliishi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ureasi ni silaha. Lakini baadaye spishi hiyo hiyo ilipodungwa moja kwa moja ndani ya ubongo wa panya, kuwa na ureasi au kutokuwa nayo hakukuleta tofauti. Kinachosaidiwa na ureasi ni safari ya kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Ukishafika, huihitaji tena kwa namna hiyo.

Kimeng'enya kile kile, mnyama yule yule, njia mbili, majibu mawili.

---

Shina_na_Tawi amejibu:

Mimi nitasema tofauti. Achana na vimeng'enya vya kubomoa kuta, kila kuvu inavyo, hata ile inayoishi kwenye majani makavu. Kinachoamua ni protini ndogo za kumlaghai mwenyeji. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba Fusarium oxysporum isiyodhuru nyanya, ikipokea kromosomu ya 14 kutoka kwa nasaba ya nyanya, inaanza kuudhuru mnyanya. Pima hizo protini, rula iweke kabatini.

---

MamaAgari amejibu:

NyuziNyeupe mwanangu, nimesoma swali lako mara mbili na nimefurahi umeandika ulichofanya bila kuficha, hata kile chakula cha msingi. Watu wengi huandika "nilipima vimeng'enya" basi. Nimekaa na sahani hizi miaka mingi, na naona mambo matatu yamekushika mguu kabla hata hatujafika kwenye swali kubwa. Nianze na lililo kubwa kuliko yote.

Agari ya viazi na glukosi ina gramu 20 za glukosi kwa kila lita. Umeipa kuvu sukari iliyo tayari kuliwa, kisha ukaiwekea pembeni protini na pektini ambazo zinahitaji kubomolewa kwanza. Kuvu haitafanya kazi ngumu wakati nyepesi ipo mbele yake. Ina mfumo kabisa wa kuzima jeni za vimeng'enya hivyo glukosi ikiwepo. Protini inayosimamia kuzima huko inaitwa CreA, na ni mojawapo ya mambo yaliyochunguzwa kwa makini zaidi katika kuvu. Kwa hiyo duara ulilolipima halikuonyesha nani ana kimeng'enya kingi. Lilionyesha nani anamaliza glukosi mapema, au nani hakuzimwa barabara. U1 ya udongo inakua kwa kasi, sivyo? Niambie kama nimekosea. Nasaba inayokua haraka hula sukari yake haraka, halafu siku ya tatu na ya nne inafungua maziwa. J2 polepole bado inakula sukari siku unaposhika rula.

Fanya upya kwenye agari yenye chumvi za madini tu, na hayo maziwa au pektini iwe ndiyo chakula pekee. Maziwa yapikwe peke yake, kando na agari, kwa muda mfupi, yasije yakaungua na kuwa ya kahawia ukashindwa kuona ukingo. Yachanganye vikiwa vimepoa kiasi cha kushika chupa kwa mkono. Na usipime duara peke yake. Pima koloni, pima koloni pamoja na duara, gawanya cha kwanza kwa cha pili. Njia hii inatumika tangu 1982 kwa fosfolipasi (vimeng'enya vya kubomoa mafuta) za kuvu ya Candida kwenye agari ya kiini cha yai, na inakuokoa na kosa la kuiita kali ile iliyo kubwa tu.

Kisha nataka uiangalie sahani ya maziwa kwa karibu, dhidi ya mwanga, usiitazame kwa juu tu. Duara la kweli la proteasi ni safi, unaona vidole vyako nyuma yake kama unatazama kupitia kioo. Lakini kuna wakati utaona ukingo mweupe zaidi ya maziwa yenyewe, kama pete ya chokaa, halafu ndani yake pana weupe hafifu. Hiyo mara nyingi ni tindikali: kuvu imemwaga asidi, kaseini, protini ya maziwa, imeganda. Mtu mwenye haraka huipima kama duara. Nimewahi kuona kitabu kizima cha vipimo kikitupwa kwa sababu hiyo, miezi minne ya kijana mwenye bidii, na iliniuma. Weka bafa, yaani kimiminika cha kuzuia pH isibadilike, kwenye agari yako, na tengeneza seti mbili, moja ya pH 5.5 na nyingine ya pH 7.4. Mzizi na jicho haviko kwenye pH moja, na kuvu inajua hilo kuliko sisi. LenziMia, hata ile waridi yako ya ureasi inahitaji sahani pacha isiyo na yurea, maana kuvu inayokula peptoni inatoa amonia na kugeuza rangi bila ureasi yoyote.

Jambo la pili ni joto. Vimeng'enya umepima kwa nyuzi 28, viwavi umewaweka kwa nyuzi 37. Hizo ni dunia mbili. Kabla ya kusema U1 si kali, ipande kwenye sahani ya kawaida, bila mnyama yeyote, iweke nyuzi 37 siku tatu uone kama inaota. Fusarium nyingi haziwezi joto hilo, na nyingine huota kwa shida. Hata jicho lenyewe uso wake ni wa baridi kidogo kuliko mwili wa ndani, kama nyuzi 34, na nadhani hiyo ni mojawapo ya sababu konea ni mlango wa Fusarium kwa watu ambao miili yao ni mizima kabisa, wakati ndani ya mwili mara nyingi inamshinda tu mtu ambaye kinga yake imeshuka.

La tatu wamelisema wenzangu: sindano kwa kiwavi, na kisu kwa mzizi. Umevunja mlango wa pande zote mbili. Sikuzuii kudunga, njia hiyo ina maana yake, ila pembeni yake weka kundi lingine ambalo spora zimepakwa juu ya ngozi, na miche ambayo mizizi haikuguswa. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo itakayokuonyesha kazi ya vimeng'enya vya kufungulia mlango. Hukutaja viwavi waliodungwa bafa tupu, natumaini walikuwepo. Na zile spora, baada ya kuzihesabu kwenye darubini, zipande kidogo kwenye sahani ujue ngapi ni hai.

Sasa swali kubwa. Umeuliza kama wazo ni bovu. Mimi silioni kuwa bovu, naliona pana mno, na kuvu ulizonazo mkononi ndizo zenye hadithi nzuri kuliko zote za kuonyesha hivyo.

Juu ya jani na shina kuna tabaka la kutini, ngumu na yenye nta. Fusarium solani ya njegere ina kutinasi ya kuibomoa. Mwaka 1989 Dickman, Podila na Kolattukudy waliichukua jeni hiyo wakaipa kuvu nyingine, Mycosphaerella, ambayo huingia kwenye papai kupitia kidonda tu. Ikaanza kuingia kwenye papai zima lisilo na mkwaruzo. Ukisoma hapo unasema basi, kimeng'enya ndicho ukali. Mwaka 1992 Stahl na Schäfer wakaiondoa jeni ya kutinasi kwenye Fusarium ya njegere yenyewe, na njegere zikaugua vile vile. Ukisoma hapo unasema kimeng'enya si kitu. Mwaka 1994 kundi la Kolattukudy likaiondoa tena, safari hii ukali ukashuka. Huwa nawapa vijana karatasi zote tatu kwa siku moja na kuwaacha wagombane. Jeni moja, spishi moja, na bado jibu linategemea nasaba gani, mmea umeandaliwaje, na umehesabu nini kama ugonjwa.

Shina_na_Tawi, ndugu yangu, kromosomu ya 14 ni kweli na ni kazi kubwa. Ila siwezi kukubali kuiweka rula kabatini. Chukua Aspergillus flavus kwenye matunda ya pamba. Kuna pektinasi yake moja, P2c. Mwaka 1997 jeni yake ilipoondolewa, madhara kwenye tunda yalipungua, na nasaba isiyokuwa nayo ilipopewa, ikaweza kusambaa zaidi kutoka chumba kimoja cha tunda kwenda kingine. Pande zote mbili, kutoa na kutia. Hicho ni kimeng'enya cha kubomoa ukuta, na kina kazi inayoonekana kwa macho. Lakini tazama pia ya upande wa pili: Aspergillus fumigatus iliyoondolewa proteasi yake kubwa ya alkali, mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliendelea kuua panya kama kawaida. Ukipima duara kwenye maziwa, nasaba ile ingekuwa ya mwisho.

Na kuna vimeng'enya ambavyo maziwa na pektini havitakuonyesha kamwe. Njegere inaposhambuliwa hutengeneza sumu yake ya kujilinda, pisatini. Fusarium kali ya njegere ina kimeng'enya kinachoinyofoa pisatini kipande kimoja kidogo cha kemikali na kuizima. Jeni yake imekaa kwenye kromosomu ndogo ambayo kuvu inaweza kuipoteza na ikaendelea kuishi vizuri kwenye sahani yako, bila dalili yoyote. Kwa hiyo M1 na M2 zinaweza kuwa sawa na U1 kwenye kila sahani uliyotengeneza, na tofauti yote iko kwenye kimeng'enya kimoja ambacho hukukipima. Kwa njegere ningekitafuta hicho kabla ya pektinasi.

Vivyo hivyo mnyanya hurusha kaitinasi za kubomoa ukuta wa kuvu, nayo Fusarium oxysporum ina proteasi mbili, Sep1 na Mep1, zinazozikata kaitinasi hizo. Ukiondoa moja huoni kitu. Ukiondoa zote mbili, ukali unashuka. Hilo lilichapishwa 2015, na ndilo jibu langu kwa kila anayeniambia "tuliondoa jeni, hapakuwa na mabadiliko, kwa hiyo haina kazi." Kuvu ina akiba nyuma ya akiba.

Kuhusu J1 ya jicho kubomoa pektini, na K1 ya yai kuozesha njegere: hilo halinishangazi hata kidogo, na ningependa lisikutie hofu. Kuvu hizi hazikuzaliwa jichoni. Ziko kwenye udongo, maji, mabaki ya mimea, na jicho limekutana nazo njiani, kwa mkwaruzo wa jani au lenzi ya kuvaa isiyosafishwa. Zimebeba vifaa vyao vyote vya maisha ya kwanza. Kuna nasaba moja ya Fusarium oxysporum ya nyanya, namba yake 4287, ambayo mwaka 2004 ilionyeshwa kuua miche ya nyanya na pia panya walioshushwa kinga. Kizuri zaidi ni kilichofuata: walipoondoa kinase (protini ya kupeleka ishara ndani ya kuvu) iitwayo Fmk1, ikashindwa kabisa na mnyanya lakini panya wakaendelea kufa. Walipoondoa PacC, protini inayoiambia kuvu kwamba mazingira yamekuwa ya alkali, ikawa dhaifu kwa panya, ilhali kwenye nyanya kuiondoa kulikuwa kumeongeza ukali. Mwili mmoja wa kuvu, wenyeji wawili, na funguo si zile zile. Ndiyo maana grafu yako ya duara moja dhidi ya vifo vya mwenyeji yeyote haitakaa kwenye mstari, hata ukirekebisha sahani zote.

Ningekuwa wewe ningeacha kuuliza nasaba ipi inatoa vingi. Ningeuliza inatoa nini inapokutana na mwenyeji huyu, saa hizi. Saga mizizi mikavu ya njegere iwe unga, gramu moja kwa mililita 100 za chumvi za madini, iwe chakula pekee. Chupa nyingine weka magamba ya wadudu yaliyosagwa. Chota kioevu saa 12, 24, 48 na 72, pima proteasi kwa azokaseini na pektinasi kwa sukari zinazoachiwa, gawanya kwa uzito mkavu wa kuvu. Utaona kitu ambacho sahani haionyeshi, yaani mpangilio: kipi kinatangulia, kipi kinafuata. Na kumbuka mwenyeji hakai kimya. Mimea ina protini za kuzizuia pektinasi, kiwavi wako wa nondo wa nta ana kizuizi chake cha proteasi za aina ya metali. Kwa hiyo ongeza tone la damu ya kiwavi kwenye kioevu chako, upime tena. Ukiona kazi imeshuka nusu, umejua nani anashinda pale.

Na uwakalie viwavi wako, usiwahesabu tu jioni. Kiwavi mzima ana rangi ya krimu na ukimgusa anajipinda. Utaona kwanza vidoa vyeusi kama vya ncha ya kalamu karibu na ulipodunga, halafu mstari wa kijivu mgongoni, halafu mwili mzima unaiva weusi na kulainika. Wengine hufa bila kuwa weusi kabisa. Andika saa ya kila hatua. Yule aliyekuwa mweusi saa ya kumi na mbili akafa, na yule aliyebaki krimu siku mbili akafa, hawakufa kwa sababu moja, hata kama kwenye daftari wote ni "amekufa".

J1 na J2 zifungulie ndani ya kabati la usalama, si mezani, tafadhali.

---

Shina_na_Tawi amejibu:

Mama Agari, nakubali kuhusu P2c, na hiyo ya Sep1 na Mep1 sikuwa nimeiunganisha na mjadala huu. Nilisema kwa haraka. Bado nashikilia kwamba kwa Fusarium ya nyanya protini ndogo zinaamua mwenyeji ni nani. Lakini naona kuamua mwenyeji ni swali moja na kufanikiwa ndani yake ni jingine.

---

MamaAgari amejibu:

Hapo tuko pamoja kabisa.

---

NyuziNyeupe amejibu:

Shikamoo Mama Agari, na asanteni wote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nimeanza na lile jepesi kuliko yote, joto. Sahani sita, chakula cha kawaida, nyuzi 37, siku tatu. J1 na J2 zimeota vizuri. K1 na M1 zimeota koloni dogo, lenye nyuzi fupi. M2 imefikia nusu sentimita. U1 haijaota kabisa, kipande kimekaa pale pale katikati kikavu kama nilivyokiweka. Nilikirudisha nyuzi 28, na asubuhi ya pili kilikuwa kimetoa nyuzi nyeupe pande zote. Kwa hiyo haikufa, ilikuwa imesimama. Viwavi wangu kumi wa U1 walikuwa wamewekwa mahali ambapo kuvu haiwezi kusogea hata hatua moja, na mimi nilikuwa nimeandika kwenye daftari "si kali". Nimeufuta mstari huo.

Ndiyo, Mama, U1 ndiyo inayokua haraka kuliko zote kwa nyuzi 28. Na viwavi wa bafa tupu walikuwepo, kumi, mmoja alikufa siku ya nne.

Sahani za maziwa bila glukosi nimezisoma jana, pH zote mbili. J2 sasa ina duara linaloonekana vizuri kwenye pH 7.4, na kwenye pH 5.5 karibu hakuna. U1 bado ni kubwa kwenye zote mbili, hata nikigawanya. M2 imenipa ile pete ya chokaa uliyoisema, kwenye sahani za zamani zisizo na bafa. Nilikuwa nimeipima kama milimita sita za proteasi. Ziko sahani nne za namna hiyo.

Ninachotaka kuuliza sasa: kwa viwavi nirudie kwa nyuzi 30 kwa nasaba zote, au nifanye 30 na 37 sambamba? Nina viwavi wa kutosha kwa moja na nusu.

---

MamaAgari amejibu:

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha kwa kile kipande ulichokirudisha kwenye nyuzi 28, mwingine angekitupa.

Fanya nyuzi 30 kwa zote sita, za kudunga. Hiyo nusu iliyobaki itumie kupaka spora juu ya ngozi, U1 na J2 peke yake, hapo hapo kwenye nyuzi 30. Nyuzi 37 unayo tayari kwa J1 na J2, na kwa U1 sahani imeshakujibu. Ziweke M1, M2 na K1 za nyuzi 37 kwenye daftari kwa alama ya swali, utazirudia ukipata viwavi wengine. Kundi la bafa lisipungue, hata kama itabidi upunguze kwingine.

---

KiwaviMweusi amejibu:

Unapopaka, usiwaloweshe tu na maji ya spora, gamba lina nta na matone yatateleza. Weka sabuni kidogo ya maabara, Tween 80, asilimia 0.05 inatosha, na kundi la bafa nalo lipate sabuni hiyo hiyo. Saa 24 za kwanza unyevu uwe juu, karatasi yenye maji chini ya sahani, la sivyo spora zitakauka kabla hazijaota.

---

NyuziNyeupe amejibu:

Nimeelewa. Kupaka naanza kesho asubuhi, ili saa ya kumi na mbili iangukie jioni nikiwa bado maabara. Unga wa mizizi ya njegere unakauka sasa hivi kwenye kabati la joto.